Mionzi ya koo si kazi ya dakika kumi

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika hata mstari mmoja, lakini habari yenu ya juma lililopita kuhusu tiba ya mionzi kwa saratani ya koo imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu alisema mgonjwa hulala chini ya mashine dakika kumi, hasikii maumivu, kisha huenda zake nyumbani. Nyumbani wapi?

Mdogo wangu wa Kongwa alipatikana na saratani ya koo, ile inayoota nyuma ya pua, ambayo kwetu ni nadra kiasi kwamba kwa miezi mitano alipewa matone ya sikio lililoziba huku uvimbe wa shingoni ukikua. Alipangiwa mionzi mara 35, siku tano kwa juma, yaani majuma saba ugenini. Alitengenezewa barakoa ya plastiki yenye matundu, iliyolainishwa kwa maji ya moto na kukandamizwa usoni hadi mabegani, kisha ikabanwa mezani ili kichwa kisisogee. Hayo aliyavumilia. Kufikia juma la tatu ulimi na koo vilijaa vidonda, mate yakakauka, na mtu aliyekuzwa kwa ugali wa uwele akawa hamezi ila mlenda mwepesi uliopoa, niliokuwa nikiupika kwa jiko la mkaa la kuazima, nyuma ya nyumba ya wageni. Juma la nne mashine ikaharibika siku sita, hatukuambiwa lolote, tukawa tunapanga foleni tangu alfajiri na kurudishwa saa sita mchana, fedha ya chumba ikaisha, na tulikuwa tumeshafunga mizigo ya kurudi Kongwa ndipo muuguzi mmoja alipotueleza kwamba mionzi hii ikikatizwa, chembe za saratani zilizosalia huzaliana upya, na kila siku inayopotea hupunguza nafasi ya kupona. Jambo zito kama hilo tulielezwa ukumbini, tena kwa bahati tu.

Na meno je? Hakuna aliyeyakagua kabla ya kuanza, ilhali jino liking'olewa baada ya taya kupigwa mionzi, kidonda huweza kukataa kupona na mfupa ukafa. Leo ana magego mawili mabovu, na waganga wa meno tuliowaendea wanaogopa kuyagusa.

Ninaomba kila mgonjwa wa koo anayepewa rufaa kutoka Dodoma aondoke na cheti cha daktari wa meno, chumba kilicholipiwa siku 50, na jiko. Nanyi mtakapoandika tena, mtafuteni mgonjwa aliye katika juma la tano, mkae naye anapojaribu kumeza uji.

Msomaji wenu,
Kongwa, Dodoma