Risala ya Wanafunzi wa Maabara ya Tiba kwa Mgeni Rasmi, Mombasa

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Karibu Mombasa. Joto utatusamehe, leo hata feni zimechoka.

Mwaka huu tumejifunza kazi iliyotutoa jasho kuliko joto hili: kutafuta homoni za steroidi, yaani projesteroni, estrojeni na jamaa zao, ndani ya kondo la nyuma. Bibi zetu huliita zalio, na hulizika kwa heshima. Sisi, kwa ridhaa ya mama, huomba kipande kidogo kabla halijazikwa.

Kondo la mimba iliyotimia huwa na takribani nusu kilo, lakini kazi yake si ya nusu kilo. Mwanzoni projesteroni, homoni inayoitunza mimba, hutoka kwenye ovari. Kuanzia wiki ya 7 hadi ya 9 kondo huipokea kazi hiyo, na karibu na kujifungua hutoa takribani miligramu 250 kwa siku. Estrojeni ina mambo yake. Kondo halina vimeng'enya vyote vya kuiunda toka mwanzo, basi huazima malighafi kwenye tezi za adrenali za mtoto na za mama, zile zilizo juu ya figo, kisha likamalizia lenyewe. Mtafiti Egon Diczfalusy wa kule Uswidi ndiye aliyeonyesha kwamba mtoto na kondo ni mafundi wa karakana moja.

Ugumu uko hapa. Steroidi huyeyuka kwenye mafuta. Ukitengeneza slaidi kwa njia ya kawaida, alkoholi na zailini huziosha zikaenda zake kabla nta ya kukishikilia kipande haijaingia. Rangi nzuri unayoiona kwenye darubini aghalabu ni ya kimeng'enya kilichobaki, kama aromatasi inayounda estrojeni, si ya homoni yenyewe. Sisi tuliandika "estrojeni imeonekana". Mwalimu alicheka kwanza, ndipo akatufunza.

Anayeitaka homoni yenyewe huosha kipande kwa maji ya chumvi, maana damu ya mama nayo imejaa homoni hizo hizo, halafu hukigandisha papo hapo kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Baadaye hukisaga na kuzitoa homoni kwa kiyeyushi. Kupima kwa kingamwili, protini inayoinasa homoni, ni rahisi, ila kingamwili hudanganyika, kwani steroidi hufanana kama mapacha. Kromatografia, inayozitenganisha, ikiunganishwa na spektromita ya masi, mashine inayozitambua kwa uzito wa molekuli zake, haidanganyiki upesi hivyo.

Spektromita hatuombi, bei yake twaijua. Tunaomba friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na jenereta. Stima ilipotea usiku mmoja, asubuhi tukavikuta vipande vyetu vimelegea kama samaki wa jana. Akina mama waliotupa ridhaa hatukuwa na la kuwaambia. Mmoja wao amekuja leo. Amekaa nyuma kule, mtoto yuko mapajani.

Friza ya zamani iko kulia ukitoka mlangoni, mgeni rasmi. Twaomba uifungue mwenyewe.

Ni sisi wanafunzi wako.