Barua kwa mpwa wangu anayetaka kuzunguka kwa pikipiki

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako ameshanieleza kwamba mtihani ukiisha wewe na mwenzako mnataka kupotelea barabarani miezi kadhaa, na ukiulizwa sababu unamtaja Che Guevara, yule mwanamapinduzi. Haya, tumzungumze huyo Che, maana nahisi unamjua zaidi kwenye fulana.

Januari 1952, alipoianza safari yake kutoka Argentina, hakuwa Che wa mtu yeyote. Alikuwa Ernesto, kijana wa miaka 23, mwanafunzi wa udaktari mwenye pumu. Mwenzake, Alberto Granado, alikuwa na miaka 29, mtaalamu wa biokemia. Pikipiki ilikuwa ya Granado: Norton kuukuu waliyoipa jina la majigambo, Mwenye Nguvu. Nguvu zenyewe ziliishia Chile. Ikafa kabisa.

Mimi nasema safari ilianzia hapo. Walipokuwa na pikipiki walikuwa wapita njia tu, tena wajanja: Temuco, mji wa Chile, walitokea gazetini kama mabingwa wa ukoma, wakala na kunywa kwa sifa hiyo. (Vijana ni vijana.) Ilipowafia, ikabidi waombe lifti kwenye malori, wajifiche kwenye choo cha meli, walale watakapolala. Ndipo walipoanza kukaa chini na watu.

Mwezi Machi, katika jangwa la kaskazini mwa Chile, walikutana na mtu na mkewe. Mume alikuwa mfanyakazi, mkomunisti, katoka jela alikokaa miezi mitatu kwa sababu chama chake kilikuwa kimepigwa marufuku. Watoto wamewaacha kwa jirani. Alikuwa anatafuta kazi kwenye migodi ya salfa huko milimani, ambako hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba hakuna aliyejali wewe ni chama gani. Hawakuwa na hata blanketi moja. Wakawasha mshumaa, wakagawana mkate na jibini, kisha wale vijana wakawapa blanketi moja na wao kujibana kwenye lililobaki. Ernesto aliandika kwamba baridi ya usiku ule ilikuwa miongoni mwa kali kuliko zote alizowahi kupata. Walipofika Chuquicamata, mgodi mkubwa wa shaba uliokuwa wa kampuni ya Marekani, hakuweza tena kuitazama mitambo bila kumfikiria mchimbaji.

Peru nisikuchoshe nayo, ila San Pablo, kituo cha wagonjwa wa ukoma kando ya mto Amazon. Walifika Juni. Waliwashika wagonjwa mikono, wakacheza nao mpira, jambo ambalo wagonjwa hawakulizoea kutoka kwa wazima. Kwenye kuagana, wagonjwa walikuja na mashua kuwapigia muziki. Mpiga kodiani hakuwa na vidole mkono wa kulia. Alifunga vijiti kwenye kifundo cha mkono, akabonyezea hivyo. Mwimbaji wao alikuwa kipofu. Kisha vijana wakapanda chelezo walichojengewa, wakateremka na mto.

Sasa sikiliza, hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Walioona ni wawili. Ernesto alirudi kumaliza udaktari, akaondoka tena, akakutana na Fidel Castro Mexico mwaka 1955, wakapigana pamoja mapinduzi ya Kuba, na mengine unayajua. Usiyoyajua huenda ni haya: mwaka 1959 alisimamia ngome ya La Cabaña mjini Havana, ambako watu walihukumiwa haraka haraka na kupigwa risasi. Mwaka 1965 alipita Dar es Salaam, akavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo kwa jina la Tatu, akatoka huko ameshindwa. Mwaka 1967 aliuawa Bolivia, ana miaka 39. Sikuambii umchukie. Nakuambia umchukue mzima, na damu iliyomwagika.

Granado alibaki Venezuela kufanya kazi na wagonjwa wa ukoma. Mwaka 1961 alihamia Kuba, akafundisha, akasaidia kuanzisha chuo cha udaktari mjini Santiago. Alifariki Havana mwaka 2011, mzee wa miaka 88. Jangwa lile lile, blanketi lile lile. Wewe umewahi kuona fulana ya Granado?

Kwa mama yako nitakuombea ruhusa, hilo niachie mimi. Ila nijibu kwanza: huyo mwenzako ni nani, na anasomea nini?

Mjomba wako