Barua kwa mwanangu: nyungu ya mafua

Mwanangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Unasema baridi ya Mafinga imekuziba pua na jirani kakuletea fungu la majani ya mkaratusi. Piga nyungu, ila ijue kazi yake: mvuke hulegeza makamasi na kukupa nafuu ya muda. Hauui virusi. Mafua yenyewe huisha kwa siku 7 hadi 10, na kikohozi kinaweza kuburuta hata wiki 3.

Huko mikaratusi imejaa, lakini si yote yenye nguvu sawa. Sugua jani bichi vidoleni. Harufu ikipanda puani papo hapo, linafaa. Majani 10 hadi 15 yanatosha lita 2 za maji. Ukipenda ongeza mchaichai au kivumbasi, basi. Ukirundika majani ya kila aina halafu koo likakuwasha, hutajua lipi limekudhuru.

Wengi huharibu hapa: hutia majani kwenye maji baridi na kuyatokosa nusu saa bila kifuniko. Kinachofanya kazi kwenye mkaratusi ni mafuta yake, nayo huruka upesi. Ukija kuinamia sufuria, yameshaishia jikoni. Chemsha maji kwanza, epua, tia majani uliyoyachanachana, funika dakika 5.

Sufuria ikae ndani ya beseni pana, juu ya meza isiyotikisika. Usiipakate wala usiiweke kitandani; nyungu huumiza watu kwa kumwagika kuliko kwa kitu kingine chochote. Funua, acha mvuke wa kwanza upite kama dakika moja, ndipo ujifunike kanga, si blanketi zito. Uso uwe mbali na maji kama urefu wa rula ya shule. Fumba macho, vuta kwa pua, toa kwa mdomo. Uso ukichoma, inua kanga upumue. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, asubuhi na kabla ya kulala. Ukizidisha, pua huwashwa na kuvimba ndani, na ukiinuka ghafla unapata kizunguzungu. Kisha penga kamasi tundu moja moja, taratibu; kupenga kwa nguvu husukuma makamasi kuelekea masikioni.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya shuka wala chumba kilichofungwa, hata baridi iwe kali vipi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

Chai ya tangawizi nayo hutuliza koo. Ponda kipande cha ukubwa wa kidole gumba, chemsha kwa vikombe 2 vya maji dakika 10, chuja. Asali tia ikiwa vuguvugu, kijiko kimoja.

Baba Jamila mwachie dawa yake ya pumu ya kuvuta. Mafusho makali yanaweza kumbana kifua badala ya kumfungua.

Na Jamila, ndiyo kwanza ana miezi 8: usimfukize kabisa. Wala usimpake mafuta ya mkaratusi puani au kifuani, maana njia zake za hewa ni nyembamba na harufu kali inaweza kuzibana. Akiyameza, hata kidogo, anaweza kupata degedege, kwa hiyo chupa ikae juu, asikofika. Asali asionje mpaka atimize mwaka. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi, vikatoa sumu ya kulegeza misuli. Kwake dawa ni maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, matone 2 kila tundu, dakika chache kabla ya kunyonya. Tengeneza mapya kila siku. Pua ikiziba hawezi kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja, ndiyo maana analia titini. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi.

Akitulia, mfunue kifua umhesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Zikifika 50 au zaidi, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Ukifika, waambie idadi uliyohesabu.

Mama yako