Kipimo cha kujichukulia wenyewe kifike vijijini Pemba

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na Wizara ya Afya, na wanawake wenzangu wa Pemba, juu ya saratani ya mlango wa kizazi.

Mimi ni somo, mwenye kuwafunda maharusi. Maharusi wengi wa Konde na vijiji vya jirani wamepita mikononi mwangu, na wakishaolewa hawaachi kuja: huyu anatokwa na uchafu asiouelewa, yule anaumia akikutana na mumewe. Kwa hiyo najua kwa nini hawaendi kupimwa. Si ujinga, kama nisikiavyo watu wakisema. Wanajua kuwa maradhi haya yanaua. Linalowazuia ni kule kuvua nguo na kulala mbele ya mtu, na mtu mwenyewe pengine ni mtoto wa shangazi yake, au kijana aliyesoma skuli moja na mwanawe.

Jirani yangu alikwishakoma hedhi zamani, akaanza kuona damu. Akaniambia imerudi. Nikamwambia hiyo haiwi, twende spitali. Akawa anasema baada ya Ramadhani, baada ya karafuu. Alipokubali alivushwa bahari mpaka Dar es Salaam kwa mionzi, na hakukaa sana. Mwenyezi Mungu amrehemu. Linaloniuma ni kwamba maradhi haya huja polepole. Tangu kirusi cha HPV, kiletacho saratani hii na kinachoambukizwa kwa kujamiiana, kiingie mwilini mpaka saratani itokeze, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Muda wote huo alikuwa wa kuokolewa.

Tanzania ilianza kuwachanja wasichana dhidi ya kirusi hiki mwaka 2018, alhamdulillahi. Lakini mama zao chanjo imewapita. Wao kinga yao ni kupimwa. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kianze kupimwa kirusi chenyewe, kuanzia umri wa miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Wanaoishi na virusi vya ukimwi waanze wakiwa na miaka 25 na wapimwe mara nyingi zaidi, kwani hatari yao ni mara sita. Kubwa kwangu ni hili: mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe. Anapewa kijiti laini, anaingia chumbani anafunga mlango, anakitia ukeni, anakizungusha taratibu, kisha anakiweka kichupani. Hakuna aliyemuona. Hilo hata biharusi wa jana naweza kumfundisha.

Naiomba Wizara ivifikishe vijiti hivyo katika kila kituo cha afya Pemba, na sisi masomo na wakunga wa vijijini tufundishwe kuwaelekeza wenzetu.

Wahudumu nao wachunge ndimi zao. Kukutwa na kirusi si kukutwa na saratani. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Wala si ushahidi wa zinaa. Kinaweza kukaa miaka kimya, kimetoka ndoa ya mwanzo, au kwa huyo huyo mume. Mume akiambiwa nusu nusu, talaka itafika kabla ya dawa, na mwanamke mwengine akisikia hayo hatakigusa kijiti.

Aliyekutwa nacho lazima atazamwe, hapo hakuna njia nyengine. Mlango wa kizazi hupakwa siki, palipobadilika pakaonekana peupe, na mara nyingi panaweza kuchomwa kwa joto siku ile ile. Kwa hatua hiyo naomba awepo mkunga mwanamke, siku ijulikane, na pazia liwepo. Ukimpa mtu jibu la kutisha kisha ukamwambia mtaalamu hayupo, arudi mwezi ujao, huyo umeshampoteza.

Wizara ikitafuta pa kuanzia, ianzie kwetu. Wanawake nitawaita mimi.

Somo wa maharusi,
Konde, Pemba