Makame, masikio kwanza

Nungwi, Jumapili

Sahibu yangu Makame,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, kaskazi imetulia na maji meupe mpaka miamba unaiona ukiwa juu ya boti. Dada yako kaniambia umejiandikisha kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Nimefurahi, ila nina hofu na masikio yako, na lile jino.

Wewe ni mtu wa pweza tangu utotoni, na hapo ndipo penye hatari. Tumezoea kushuka kwa pumzi moja, sikio likiuma tunavumilia, tunapanda. Kwa mtungi hakuna haraka ya kupanda, na uvumilivu ule ndio unaopasua. Mita 10 za mwanzo ndizo kali: ukifika hapo presha imekuwa maradufu ya ile ya juu, hewa iliyomo sikioni imebanwa ikabaki nusu. Kwa hiyo anza kuzibua masikio ungali juu, kisha zibua kila unaposhuka kidogo, usingoje maumivu. Bana pua upulize taratibu, au meza mate huku umeibana. Likigoma, panda mita moja ujaribu tena. Usitunishe mashavu kama mpiga zumari!

Mimi nilionja. Mwaka juzi nilishuka na mafua kwa kuona haya mbele ya wageni niliowaongoza. Kwenye mita 5 hivi sikio la kushoto likakataa, nikalilazimisha. Nikasikia "tup", maji ya baridi yakaingia, bahari nzima ikazunguka. Juu ni wapi, chini ni wapi, sikujua. Nikaing'ang'ania kamba ya nanga mpaka kizunguzungu kikapoa. Kiwambo cha sikio kilikuwa kimetoboka. Daktari alinikataza bahari wiki nane, hata kuoga nikawa natia pamba yenye mafuta. Na dawa za kuzibua pua usizitegemee: zikiisha nguvu ukiwa chini, hewa hukwama wakati wa kupanda. Vizibo vya masikio navyo usivitie kabisa.

Jino nalo lina yake. Lililooza, au lililozibwa vibaya, hubaki na kijitundu. Hewa ikijipenyeza humo ukiwa chini, ukipanda inatanuka na haina pa kutokea. Mwenzetu mmoja gego lilimpasuka boti iko karibu kabisa. Ila magego ya juu ni waongo wakati mwingine: yanauma yote kwa pamoja, kumbe ni mafua yameziba uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu. Kipumulio kikamate kwa midomo, usikitafune kama muwa, utalala na taya linauma.

Lile gego lako la kulia, linalokutoa machozi kwa chai ya moto, bado uko nalo? Nenda kwa daktari wa meno umwambie wazi kuwa unataka kuzamia. Akiling'oa, ngoja kidonda kifunge ndiyo uje. Nimekuwekea miwani yangu ya zamani, ile yenye nafasi ya pua.

Nisalimie mama.

Wako,
Haji