Tegu wa nguruwe: kupapasa ulimi hakutoshi

Mhariri,

Huku Mbozi na Mbeya Vijijini nguruwe hupapaswa ulimi kutafuta tegu, yaani mnyoo bapa; usipokuwa na vinundu anachinjwa. Vifuko vya tegu wachanga vikiwa vichache huenda visiwepo ulimini, vikabaki pajani au moyoni. Kitimoto kiive hadi wekundu uishe, hasa karibu na mfupa.

Kinachotuumiza zaidi ni kifafa cha tegu, kinachotokana na vifuko hivyo kukaa ubongoni mwa mtu. Hakiletwi na nyama bali na mayai yanayotoka na kinyesi cha mwenye mnyoo, yakamezwa kupitia mikono au mboga mbichi. Hata asiyekula nguruwe huugua! Prazikwanteli dozi moja, miligramu 10 kwa kilo, huua tegu. Mwenye kifafa amwone daktari kwanza, dawa yaweza kuamsha degedege. Nguruwe wafungiwe bandani, choo kiwe na mlango.

Wafuatiliaji wa afya ya mifugo, Mbeya