Jumamosi: kuchonga makali ya visu

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi tunaanza saa 3 asubuhi badala ya saa 4, Gerezani, palepale kibandani.

1. Njoo na bapa (kipande cha chuma chenye umbo la kisu) ambalo halijachomwa motoni wala kuzimwa (kutumbukizwa likiwa la moto ili liwe gumu).
2. Chora mistari miwili kwenye ukingo wa makali, katikati ibaki milimita 1. Tusage pande zote kwa zamu, tusiivuke. Mara iliyopita wengi tulimaliza upande mmoja kwanza, makali yakapinda (yangu yakiwemo).
3. Miwani na barakoa lazima.
4. Shilingi 5,000 za msasa namba 60 na 120, kwa mhazini, mwisho Alhamisi.

Umeme ukikatika tutatumia tupa. Kwa anayeanza ni afadhali hata kuliko grinda.

Mashine ni moja, kwa hiyo andika "NAJA" hapa kabla ya Alhamisi usiku nipange zamu. Asanteni.